Nabangala na Jicho la Maji

"Mama Nerima, siku Mungu akikuita, nani atajua hii maji inapita wapi?"

Swali hilo Nabangala aliulizwa na jirani yake Kaltumi, miaka mingi iliyopita, wote wawili wameinama kule bondeni Kyebando, mmoja anajaza jerikani na mwingine anazibua mfereji kwa jembe. Nabangala hata hakunyanyuka. Alicheka akasema, "Maji yenyewe inajua." Kaltumi akamrushia maji usoni, wakaachana hapo. Mimi nilikuwa nyuma yao nangoja zamu yangu, na sikulitia maanani. Mwaka huu ndipo swali lile liliporudi na kutukaa sote kooni.

Naandika habari zake kwa sababu nilibahatika kuingia kwenye maonyesho ya ushirikiano wa Denmark na Uganda, mjini, nikaona picha ukutani kutoka mlango hadi mlango. Watu wamevaa tai, wanashikana mikono. Watu wanakata utepe. Nikamtafuta Nabangala wangu ukuta mzima, sikumwona. Nikasema moyoni, basi Akoth, wewe uliyeishia darasa la saba, shika kalamu.

Nabangala ni Mbukusu wa upande wa Kenya, mzaliwa wa karibu na mpaka wa Lwakhakha. Alikuja Kampala mwaka wa themanini na saba, vita vimekwisha juzi tu, akimfuata mumewe Cleopas, fundi wa kushona viti vya magari kule Kamwokya. Alikuja na Nerima mgongoni na jembe mkononi. Jembe! Watu walimcheka, mtu anakuja mjini na jembe. Lakini Kyebando ya wakati ule ilikuwa nusu mji nusu shamba, na bonde lote lilikuwa magimbi. Alilima magimbi yake huko chini, na ndiyo maana alijua bonde lile kuliko mtu yeyote: wapi udongo unateleza, wapi nyasi hazikauki hata mwezi wa Januari.

Maji tulichota kwenye dimbwi. Ng'ombe walipita humo. "Ulikuwa unawaambia vyura hodi kwanza, ndipo uchote," husema Nabangala, na watoto hucheka. Lakini akifika kwenye habari ya kipindupindu hushusha sauti, maana mtaa wetu ulizika watoto wanne katika juma moja, na yeye aliwaosha wawili.

Mwaka wa tisini na moja wakaja Wadenmark. Mkubwa wao alikuwa injinia mmoja mwembamba mwenye ndevu nyekundu, jina lake Torben, sisi tukamwita Tobeni. Huyo mzungu hakuanza na mkutano. Alikaa siku tatu juu ya jiwe jeusi kubwa lililo karibu na njia, akitazama nani anatoka wapi na jerikani ngapi. Siku ya nne akauliza kwa mkalimani, "Wakati wa kiangazi kikali, nani anajua maji yanatoka wapi?" Wanawake wote wakanyoosha vidole kwa Nabangala. Nabangala akamshika mkono wa shati, akampandisha kilimani kidogo, akakanyaga mahali penye nyasi mbichi.

"Chimba hapa."

Tobeni akalala chini kifudifudi, akaweka sikio ardhini kama daktari. Kisha akachimba. Na kweli, chini kulikuwa na jicho la maji, linasukuma mchanga juu kama ngumi ya mtoto chini ya shuka. Akatoa karatasi, akachora kila kitu hapo hapo magotini: jiwe, jicho, bomba, ukuta.

Kazi yenyewe ilichukua wiki mbili. Udongo wa mfinyanzi wa kufunikia jicho ulichimbwa kwenye shimo lililo chini ya lile jiwe jeusi, na njia ya kuupeleka ilikuwa nyembamba na ya utelezi. Kwa hiyo wanawake walisimama mstari, kumi na mmoja, wakapitishiana mabeseni mkono kwa mkono kutoka kwenye jiwe hadi kwenye jicho, wakiimba. Kaltumi, binti wa Kinubi aliyeolewa mwaka ule ule, alikuwa wa tatu. Nabangala alikuwa wa kumi na mmoja, wa mwisho. Yeye alipokea beseni, akaliweka kwenye ukingo wa mwamba uliokuwa kushotoni kwake, akamwaga, akakanyaga udongo kwa miguu mpaka ukawa mgumu kama sakafu.

Walipomaliza, ukuta ulikuwa na mabomba mawili ya kuchotea. Na chini kabisa, kwenye unyayo wa ukuta, Tobeni aliacha kitundu kinachotosha dole gumba, cha kutoa maji ya ziada na matope. Akamwita Nabangala, akamwonyesha. "Hiki kisizibwe hata siku moja. Maji ya chemchemi hayalazimishwi. Ukiyabana, yanahama." Nabangala aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepokea ubatizo. Tobeni akamwachia sepeto na fyekeo, akakunja mchoro wake, akautia kwenye mfuko mrefu wa plastiki, akaondoka nao begani.

Tangu siku ile miaka imepita zaidi ya thelathini. Kila Jumamosi Nabangala hushuka kabla ya watu, anafyeka, anazibua mfereji, anaingiza kijiti kwenye kile kitundu. Hakuna aliyemwajiri. Na historia ya huo ushirikiano wa nchi mbili, ambayo pale kwenye maonyesho imeandikwa kwa maneno marefu, mimi nimeiona yote ndani ya sanduku lake la bati. Kwanza lile sepeto la Tobeni, mpini umebadilishwa mara tano. Halafu cheti cha semina ya mwaka wa tisini na nane, maana siku hizo hawakuleta tena vyuma, walileta mafunzo na kamati. Halafu fulana iliyoandikwa habari za utawala bora. Halafu kofia ya mabadiliko ya tabianchi. Baada ya kofia hakuna kitu. Tuliambiwa sasa ushirikiano unapitia kwenye kompyuta. Sisi wengine tulicheka. Nabangala hakucheka. Fulana aliivaa mpaka ikawa tambara, na tambara akalitumia kusafishia mabomba. "Kila mtu analeta alicho nacho," alisema. "Walioleta karatasi, karatasi ndiyo walikuwa nayo."

Sasa mwaka huu, oh, mwaka huu! Mwenyekiti wa mtaa alikuja mbio na simu mkononi. Wadenmark wanapita kuangalia kazi za zamani, zipi zinaishi na zipi zimekufa, na Jumamosi ijayo watakuja Kyebando na wageni wakubwa, kwa sababu ya kwetu inasemekana ni kati ya chache zinazotoa maji hadi leo! Mtaa ulichemka. Wanawake walitoa gomesi zao, yale magauni ya sherehe, kwenye masanduku. Kaltumi akaanza kusuka vifuniko vya vikapu vya rangi rangi, kila siku kimoja. Nabangala alisema neno moja tu, "Tobeni angekuwa hai angefurahi," maana tulikuwa tumesikia zamani kwamba alifariki.

Lakini Jumatatu ya juma hilo Nabangala aliitwa Lwakhakha kumzika shangazi. Akaniambia mimi, kwa kuwa tunasali pamoja na ananiamini, "Mama Ondiek, msiguse kitu. Fagieni tu."

Nikasema ndiyo. Mungu anajua nilisema ndiyo.

Mnajua desturi yetu. Uwe Mjaluo, uwe Mbukusu, uwe Mnubi, mgeni hakaribishwi kwenye ua wenye matope. Mgeni akija, unakandika. Unachanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe, unalainisha ukuta kwa kiganja, na mgeni akiona alama za vidole vyako anajua anapendwa. Sisi tukasema, kwa wageni wa safari hii kinyesi cha ng'ombe kitatuaibisha, tukandike kwa simenti. Jumanne tukakandika! Tulikuwa wanawake tisa, tukiimba. Kaltumi akaleta rangi nyeupe na nyekundu kama bendera yao. Na kile kitundu cha chini kilikuwa kinatiririsha uchafu wa kijani kama pua ya mtoto mwenye mafua. Kilituharibia ukuta. Mimi ndiye niliyeshika mwiko. Nikakiziba, nikalainisha mpaka pakang'aa, nikasimama nyuma kutazama, na moyo wangu ukajaa fahari.

Jumatano jioni mabomba yakapunguza. Alhamisi asubuhi yalikuwa yanadondosha tone, tone, kama bati baada ya mvua. Tukiwa tumesimama na jerikani tupu tunatazamana, Kaltumi akashuka kutoka nyumbani kwake, upande wa pili wa mteremko, gauni amelipandisha hadi magotini.

"Njooni muone! Maji iko jikoni kwangu! Imeingia bila hodi, imekaa chini ya jiko kama mkwe!"

Hapo hapo Nabangala akatokea, ametoka kwenye basi, mfuko wa safari bado kichwani. Alitazama rangi. Alitazama mabomba. Kisha macho yake yakashuka chini ya ukuta, yakakaa hapo.

"Kitundu iko wapi?"

Nilipiga magoti. Nikamwambia ni mimi. Nilingoja anitukane, na ingekuwa nafuu. Yeye akashusha mfuko, akaufungua, akatoa kanga, akajifunga kiunoni.

"Simama, Mama Ondiek. Lete patasi."

Alipiga ile simenti mapigo sita. Kitundu kikafunguka, kikatema matope mara moja, kikanyamaza. Tukangoja. Hakikutoa kitu tena. Maji yalikuwa yamebanwa siku mbili, na kama Tobeni alivyosema, yalikuwa yamehama.

Wakati huo huo gari likasimama njiani. Aliteremka Bwana Olal, injinia wa maji wa jiji, na pamoja naye binti mrefu wa Kidenmark aliyeitwa Signe, wamekuja kukagua kabla ya Jumamosi. Huyo Signe alikuwa amefanya kazi Tanzania, na Kiswahili chake, jamani! Kisafi kuliko chetu sote. Alipoamkia, "Shikamooni, mama zangu," Kaltumi akanong'ona, "Huyu ndiyo atufundishe."

Olal alizunguka mara mbili, akagusa bomba, akatikisa kichwa. "Bambi, pole mama. Hii imekufa. Mimi naandika imekufa, Jumamosi tunapeleka wageni ile ya Makindye."

"Haijakufa," Nabangala akasema. "Imepotea njia."

"Imepotea, imekufa, karatasi yangu iko na sanduku mbili tu: hai, ama imekufa."

Sote tulijua maana ya neno hilo. Chemchemi ikiandikwa imekufa, hapo si pa maji tena, ni kiwanja. Na kiwanja wazi huku bondeni hakimalizi mwezi kabla mtu hajakitia nguzo na mabati. Nyumba karibu mia mbili zinachota hapa. Na Nabangala, miaka thelathini na zaidi ya Jumamosi zake ingeishia kwenye kisanduku cha karatasi.

"Tuchimbe kwenye jicho," akasema. "Tulifungue, tulisafishe, tulifunike upya. Maji ikipata njia yake ya zamani, itaacha jiko ya Kaltumi."

"Jicho liko wapi?" akauliza Olal.

Nabangala akatazama juu ya mteremko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anasita. Magimbi hayapo. Nyasi zimeota juu ya udongo uliojazwa. Pamejengwa choo, pamebomolewa, pamejengwa ukuta. Mteremko wote sura moja.

"Mama," Olal akasema, sasa kwa upole, "mkichimba ovyo mtapasua ule udongo wa kufunika, na maji itapotea kabisa kabisa. Bila mchoro siwezi kuruhusu. Mchoro uko wapi?"

"Tobeni aliondoka nao."

Signe akatoa simu, akapiga kwao. Alizungumza Kidenmark muda mrefu, akiandika kwenye kiganja cha mkono. Alipokata, uso ulikuwa mwekundu. "Mchoro upo. Wamehifadhi kila kitu vizuri sana. Lakini uko kwenye maboksi, ghalani, na kuutafuta kutachukua miezi."

"Miezi!" Kaltumi akapiga makofi. "Maji yetu iko hapa, akili yake iko Denmark!"

Nabangala ndiye aliyesema, taratibu, "Mimi nilisimama juu ya jicho wiki mbili. Nipe mpaka kesho."

Olal akakuna kidevu. Mungu ambariki mtu yule, hakuwa mgumu. "Shimo moja," akasema. "Moja tu. Kesho saa tisa mchana niko hapa, naandika."

Usiku ule niliomba kama sijawahi kuomba. Ijumaa saa mbili asubuhi Nabangala akatuita kwenye jiwe jeusi, wanawake kumi. Pamoja naye kumi na mmoja. Ndipo tulipoelewa. Alikuwa anataka kuupima mteremko kwa sisi!

"Kutoka jiwe mpaka jicho ni wanawake kumi na mmoja," akasema. "Tobeni alipima kwa kamba yake. Mimi kipimo yangu ni hii."

Signe alikuja mapema, akavua viatu, akataka kuingia mstarini. Kaltumi akamzuia. "Wewe toka, binti yangu! Mkono yako ni ya wanawake wawili, utatufikisha Kawempe!" Tulicheka mpaka hofu ikapungua. Nabangala akampa sepeto, lile lile la Tobeni, akamwambia asimame shimoni kwenye jiwe.

Tukajipanga. Kaltumi wa tatu, kama zamani, akilalamika kwamba wa pili wa zamani alikuwa mnene zaidi. Tukanyoosha mikono, vidole vikagusana, tukapanda mteremko mmoja mmoja. Nabangala akafika wa mwisho. Akakanyaga. Akachukua chuma kirefu, akakidunga ardhini upande wa kushoto.

Chuma kikaingia chote, laini, kama kisu kwenye ndizi iliyoiva.

Akadunga tena karibu. Laini.

"Hapana," akasema. "Hapa hakuna ukingo. Mimi niliweka beseni juu ya mwamba, hapa kushoto. Mwamba hautembei."

Jua lilikuwa limeanza kuuma. Watu wa mtaa walikuwa wamejaa njiani, wengine juu ya ukuta, na kila mmoja ana ushauri wake. Mmoja akapaza sauti, "Mzee amesahau!" Nabangala alifumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, najua alikuwa anaongea na nani. Nikaona mikono yake inanyanyuka polepole kama imebeba kitu, viwiko vimekunjwa karibu na mbavu. Alifumbua macho, akatutazama sisi tulivyosimama, akapiga kelele. Nabangala, ambaye hata kanisani haimbi kwa sauti!

"Tumenyoosha mikono kama watu wa kuombea mvua! Mikono mitupu! Sisi tulibeba udongo! Nani anabeba udongo amenyoosha mkono? Leteni mabeseni!"

Uwiii! Watu walikimbia majumbani, mabeseni yakashuka, ya kufulia, ya kuogeshea watoto, moja bado lina sabuni. Signe akashindilia udongo, akajaza, akampa wa kwanza. Wa kwanza kwa wa pili. Kaltumi akauanza ule wimbo wao wa zamani, wa Kinubi na Kibukusu vimechanganyika, Nabangala akaitika kutoka juu, na sisi tusioujua tukashika pale pa kuitikia. Uzito ukatukunja. Ili beseni lisidondoke ilibidi usogee kwa mwenzako, kifua karibu na kifua, na mstari ukajikusanya wenyewe, ukarudi chini, ukarudi, kama nyoka anayejikunja. Sikuwahi kufikiri wanawake kumi na mmoja wanaweza kuwa wafupi hivyo. Beseni la kwanza lilipomfikia Nabangala, alikuwa ameteremka hatua saba kutoka pale pa mwanzo.

Akalipokea. Akageuka kushoto bila kutazama, kama mtu anayeweka kikombe mezani kwake, akaliweka chini. Kisha akachukua chuma, akadunga palepale ubavuni mwa beseni.

Ngwe!

Jiwe! Chuma kiligonga jiwe! Bonde lote lililipuka kwa vigelegele. Olal alikuwa amekwisha kufika, saa sita tu, hakuweza kungoja saa tisa. Alivua koti mwenyewe.

Tulichimba kwa zamu. Ukingo wa mwamba ukatokea, umelainika juu. Halafu ule udongo wa mfinyanzi, kijivu, umepasuka ufa mrefu, na maji yanapenya ufani kuelekea upande wa kwa Kaltumi. Olal akasema hapo panataka mkono, si jembe. Kabla hatujamzuia, Nabangala alikuwa shimoni. Ana miaka sitini na sita, jamani.

"Toka huko, Mama Nerima, goti yako!" akalia Kaltumi.

"Goti inajua kazi hii kuliko wewe!"

Akatoa udongo kiganja kwa kiganja. Akatoa mawe, akatupitishia moja moja. Akalala ubavu, mkono mzima ukazama kwenye mdomo wa bomba, akavuta matope na mizizi, akavuta tena. Tukasikia bomba linakoroma. Kule chini watu waliosimama ukutani wakainamia mabomba. Kisha ukelele mmoja, halafu kelele za watu wote, na mimi nikakimbia kuteremka nikiwa nimepoteza kandambili moja. Bomba la kushoto lilitema matope, likatema maji mekundu, na la kulia likafuata, na baada ya dakika chache yalikuwa meupe, manene kama mkono wa mtu! Na kile kitundu changu cha chini nacho kikaanza kutoa kamasi zake. Nikakipigia magoti kwa mara ya pili, safari hii nikicheka na kulia.

Kaltumi alikwenda jikoni kwake, akarudi akitangaza, "Mgeni wangu ameondoka! Hata kuaga hakuaga!"

Olal akatoa karatasi yake kwenye mfuko wa shati, imelowa jasho. Akaitia alama kwenye kisanduku cha hai, akamwonyesha Nabangala, na Nabangala akaitazama kwa makini, matope yamemfika mashavuni, akasema, "Kale, haya. Sasa tufunike, kabla jua haijatua." Tukajipanga tena mstari ule ule, tukapandisha udongo mpya, na yeye akaukanyaga kwa miguu hadi ukawa sakafu.

Jumamosi wageni walikuja. Kulikuwa na viti, na turubai, na mwenyekiti alitaka kile kitundu kifunikwe kwa kitambaa mpaka wageni waondoke. Nabangala alisimama mbele yake, akamtazama tu, na kitambaa kikarudi mfukoni. Kwa hiyo ukuta mweupe na mwekundu ulikuwa na doa lake la kijani chini, na mgeni mkubwa mmoja, mzee mwenye mvi, aliuliza ni nini. Olal akamweleza. Yule mzee akainama na suti yake, akakitazama muda mrefu.

Hotuba zilikuwa nyingi. Mwisho Signe akachukua kipaza sauti, akamwita Nabangala mbele, akasimulia habari ya Ijumaa kwa Kiingereza na kwa kile Kiswahili chake, na wageni walisimama wakapiga makofi. Kisha akamgeukia, akamuuliza kama kuna jambo angependa kuiomba nchi yake, wakati nchi zetu zinaendelea na safari hii pamoja.

Pale mbele kukawa na minong'ono. Mwenyekiti alinong'ona, "Sema tangi! Tangi kubwa!" Mwingine akasema, "Sema gari." Kaltumi peke yake hakunong'ona. Alikuwa amekaa na kikapu chake magotini, anamtazama jirani yake machoni, na mimi nikajua ni lile swali la zamani la bondeni linalopita kati ya wale wanawake wawili.

Nabangala alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama anavyoshika beseni, akasema:

"Naomba ule mchoro Tobeni alichora hapa magotini kwake, mwaka wa tisini na moja. Karatasi yenyewe, ama picha yake. Muutafute kwenye maboksi, hata kama ni miezi, muulete Kyebando, ukae na sisi."